Barua ya safari ya Alabama: watoto walioruka geti la shule

Shosti, za masiku?

Mie mzima kabisa, baridi imeisha, saivi huku Georgia misonobari inamwaga unga wa maua mpaka magari yote yanageuka njano, ukisahau dirisha wazi utafuta meza kutwa. Voisi yako nimeisikiliza nikiwa kwenye basi la shule, ulivyosema "we mwenzetu kila siku status ni donati na theluji, hiyo historia uliyoaga kwenda kusoma umeificha wapi" nimecheka peke yangu mpaka dereva kageuka. Haya basi, leo kaa mkao wa kula, nimekuandikia ndefu, na ukiona nimerukaruka vumilia maana kichwa bado kimejaa.

Likizo yao ya mwezi wa tatu mratibu wetu akatukusanya wanafunzi wa kubadilishana tuliopangiwa huku kusini, kuna mdada wa Indonesia, kuna Mghana mmoja anaongea hatari, kuna wa Kosovo na wa Pakistani, Mtanzania mimi peke yangu, tukapakiwa kwenye gari moja na mizigo yetu kwenda miji ambayo watu weusi walidai haki zao: Atlanta hapa Georgia, halafu Birmingham, Selma na Montgomery, jimbo la Alabama. Wale wa kaskazini wao walipelekwa Washington kupiga picha Ikulu, mwanzoni niliwaonea wivu sana, saivi wala.

Nikwambie kabisa kilichonikaa. Si unajua sisi Martin Luther King tunamjua kwa ile hotuba ya ndoto tuliyokuwa tunaikariri klabu ya Kiingereza, na mama Rosa Parks tunamjua kwamba alichoka miguu akagoma kunyanyuka kwenye basi, basi, tukajua mzee kahutubia, mama kakaa, wazungu wakaona aibu, ubaguzi ukaisha. Mwenzangu, sivyo. Kila tulipoenda nilikuwa nakuta watoto. Wanafunzi. Watu wa rika letu mimi na wewe, na wengine wadogo kuliko mdogo wako yule anayegoma kuoga. Yaani shughuli nzima ingekwama kama si madogo, halafu kwenye mabango huwaoni, unawaona wazee wamevaa suti.

Atlanta sitakuchosha, ni jiji, foleni kama Mbagala. Nyumba aliyozaliwa King mtaa wa Auburn tuliiona kwa nje, kaburi lake na la mkewe Coretta liko katikati ya bwawa la maji, limejengwa kwa marumaru nyeupe, watu wanaongea taratibu hapo hata wale watoto wa kwenye misafara ya shule. Aliuawa 1968 Memphis akiwa na miaka 39. Mie nilidhani alikuwa mzee wa 60 huko.

Ila pale pale Atlanta kuna makumbusho ya haki za binadamu, wametengeneza kaunta ya mgahawa kama zile za zamani ambazo mtu mweusi alikuwa haruhusiwi kukaa. Unakaa kwenye stuli, unavaa hedifoni, unafumba macho, unaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta na huruhusiwi kufanya lolote. Unaanza kusikia watu nyuma yako, mmoja anakunong'oneza sikioni kabisa kwamba nyanyuka kabla sijakufanya kitu, mwingine anatukana, mara stuli inatikisika kweli kweli kama mtu kaipiga teke, na wewe mikono iko pale pale. Mghana wetu yule mwenye maneno mengi alitoka kimya, akaenda kukaa pembeni akawa anachezea kamba ya viatu. Mie nilimaliza, ila vidole vilikuwa vimebaki alama za jasho pale juu nikaona haya nikafuta na mkono wa sweta. Sasa ujue walioanzisha moto wa ule mgomo wa kukaa kwenye kaunta walikuwa wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza chuo, Greensboro huko North Carolina, tarehe 1 Februari 1960, walikaa kaunta ya duka la Woolworth wakaagiza kahawa wakanyimwa, wakaendelea kukaa. Kesho yake wakarudi na wenzao, na ndani ya miezi michache ukasambaa kusini nzima. Na watu walikuwa wanafanya mazoezi kabla ya kwenda, wanakutana kanisani, rafiki yako mwenyewe anakutukana, anakupulizia moshi wa sigara usoni, anakuvuta kwenye kiti, ili siku ya siku usirushe ngumi. Mie na wewe tungefeli mazoezi ya kwanza tu, wewe hasa.

Birmingham ndo penyewe. Kuna bustani inaitwa Kelly Ingram, unaiona tu bustani ya kawaida ina miti na mabenchi, halafu njia inakupitisha katikati ya kuta mbili na kwenye zile kuta wamechomoza mbwa wa chuma wameachama meno, wanakurukia kushoto na kulia, lazima upite katikati yao, hakuna pa kukwepa. Mdada wa Indonesia alinishika mkono bila hata kuniuliza. Hapo ndipo Mei 1963 polisi wa mji waliwaachia watoto mbwa na zimamoto wakawafungulia mipira ya maji, yale maji yana nguvu ya kubandua gome la mti, kuna picha mtoto anaviringika barabarani kwa presha ya maji.

Kwa nini watoto? Hilo ndo swali nililouliza na jibu lake nimelipenda maana ni akili ya mtaani kabisa. Wazee walikuwa wakiandamana wanafukuzwa kazi kesho yake, nyumba wanatolewa, mabosi wote wazungu. Mtoto hana kazi ya kufukuzwa. Mchungaji kijana James Bevel akasema basi tuwachukue wanafunzi, King mwenyewe alisitasita, hata Malcolm X, mwanaharakati mwingine mweusi, baadaye aliwaponda kwamba mwanaume gani anamweka mtoto mstari wa mbele. Lakini wenyewe madogo walishakubaliana. Madijei wa redio za watu weusi wakawa wanatangaza kwa mafumbo, kuna sherehe kwenye bustani, njooni na mswaki, na mswaki maana yake mnaenda kulala ndani. Tarehe 2 Mei shule moja ikafunga mageti kuwazuia, watoto wakaruka uzio! We fikiria siku geti letu lilivyofungwa tukaruka kwenda kununua mihogo, wenzetu waliruka kwenda jela. Siku hiyo ya kwanza mamia wakakamatwa, siku zilivyoenda jela zikajaa mpaka wakawafungia kwenye viwanja vya maonyesho. Kuna binti anaitwa Audrey Faye Hendricks alikuwa na miaka 9, alikaa ndani kama wiki nzima. Miaka tisa, darasa la tatu hiyo. Na ilifanya kazi, maana picha zilizunguka dunia nzima, Rais Kennedy akabanwa, na tarehe 10 Mei wakubwa wa mji wakakubali kuanza kuondoa ubaguzi kwenye maduka na migahawa.

Sasa ng'ambo ya bustani kuna kanisa la matofali, la Kibaptisti la mtaa wa 16, hapo watoto ndipo walipokuwa wanakusanyikia kabla ya kutoka. Septemba 15 mwaka ule ule, Jumapili, watu wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, wakatega bomu, likalipuka saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi, wasichana wanne walikuwa chini wanajiweka sawa kwa ibada: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson, wote miaka 14, na Denise McNair miaka 11. Nimesimama nje ya lile kanisa nikawa najiuliza umri wao mara mbili mbili. Halafu sikiliza hii, mmoja wa wauaji alifungwa 1977, mwingine 2001, na wa mwisho 2002. Mwaka 2002 mama yangu alikuwa sekondari. Miaka yote hiyo walikuwa wanatembea mtaani, wanaenda sokoni. Watu wakisema hizo habari ni za zamani sana mie saivi nawauliza zamani ya nani.

Ngoja nikupe na ya chakula maana najua unasubiri. Huku kusini wanakula kunde, wallahi, kunde na wali, na bamia, na majani fulani wanaita kolad ni kama sukuma wiki ila wanayachemsha mpaka yanakata tamaa. Njiani kuna watu wanauza karanga za kuchemsha na maganda yake, kwenye ndoo, na chumvi, pembeni ya barabara kabisa! Nilipiga kelele gari likapunguza mwendo. Wenzangu wa Kosovo walidhani ni maharage. Vitu kama bamia na kunde vilifika huku na Waafrika waliobebwa utumwani, kwa hiyo Mpare wa makande ukifika Alabama hufi njaa. Ila chai ya barafu yenye sukari ile, hapana, hiyo ni dawa ya kikohozi.

Selma ni mji mdogo, umechoka, maduka mengi yamefungwa, na Januari 2023 kimbunga kiliupitia, bado kuna nyumba zimefunikwa maturubai. Nilitegemea mji maarufu hivyo uwe na hela. Watalii wanakuja, wanapiga picha darajani, wanapanda magari yao wanaenda kula mji mwingine, na sisi tulifanya vile vile. Daraja lenyewe, Edmund Pettus, jina ni la jenerali wa jeshi lililopigania utumwa, baadaye akawa kigogo wa Klan, na mpaka leo limeandikwa hivyo hivyo kwa herufi kubwa. Ukisoma kwenye kitabu huwezi kujua hili: lile daraja limeinuka katikati. Ukianza kupanda huoni ng'ambo, unaona anga tu na vyuma. Tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 walipanda, mbele kijana John Lewis wa miaka 25 na begi mgongoni, na mpaka wanafika pale juu kabisa ndo wanaona askari wamepanga mstari upande wa pili na wengine juu ya farasi. Sasa hapo unarudi? Hawakurudi. Walipigwa virungu na mabomu ya machozi, Lewis akapasuliwa kichwa. Bibi mmoja aliyetutembeza alikuwa mtoto siku hiyo, anasema anachokumbuka ni harufu ya ule moshi kwenye nguo zake, mama yake alifua, akafua, haikutoka.

Na walichokuwa wanadai ni kura tu. Selma watu weusi walikuwa nusu ya wakazi lakini walioandikishwa kupiga kura asilimia 2 hivi, ukienda kujiandikisha wanakupa mtihani wa katiba, ukifaulu wanakutafutia swali jingine, na ofisi zenyewe za kujiandikisha zilikuwa zinafunguliwa siku chache tu kwa mwezi. Nikamwambia mratibu wetu kwamba sisi Tanganyika 1958 tulikuwa na uchaguzi wa kura tatu, lazima uchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, na ili upige kura lazima uwe na elimu au kipato fulani, na Nyerere aliwashawishi TANU pale Tabora wakubali kuingia hivyo hivyo. Alinitolea macho akasema hajawahi kusikia. Yaani kwa mara ya kwanza ile mada niliyokuwa nasinzia kwa mwalimu wa historia imenisaidia kitu. Mwisho wa siku maandamano yalifika Montgomery tarehe 25 Machi, kilomita 87 kwa mguu, kama utoke hapo Same uikaribie Moshi, na sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa Agosti 6.

Montgomery sasa. Kanisa alilokuwa anachunga King miaka ya 50 na jengo la serikali ya jimbo, ambapo 1861 Jefferson Davis aliapishwa rais wa upande wa wenye watumwa, viko mtaa mmoja, unasimama hapa unaona pale. Nilidhani ramani imekosea.

Rosa Parks alikamatwa Desemba 1, 1955, na watu wakatembea kwa mguu siku 381 bila kupanda basi. Sawa, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba miezi tisa kabla, Machi 2, binti wa miaka 15 anaitwa Claudette Colvin, katoka shule na vitabu vyake, aligoma kunyanyuka kwenye basi la mji ule ule, akabururwa, akapigwa pingu. Viongozi hawakumbeba, wakasema ni mtoto, kwao maskini, baadaye akapata na ujauzito, wakatafuta mtu anayefaa kuonyeshwa. Mie hapo nilikasirika kweli, maana ndo yale yale ya kwetu, msichana akiteleza kidogo tu jina lake linafutwa. Lakini kesi yenyewe iliyoua ubaguzi kwenye mabasi, iliyofika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani 1956, Claudette ni mmoja wa wanawake wanne walioifungua. Rekodi yake ya kukamatwa jaji aliifuta 2021, bibi akiwa na miaka 82.

Halafu kuna kumbukumbu ya watu weusi waliouawa na makundi ya wazungu, imefunguliwa 2018, ya taasisi ya wakili Bryan Stevenson. Sijui nikuelezeje. Ni nguzo za chuma chenye rangi ya kutu, zaidi ya 800, kila moja ni wilaya moja, imechongwa majina na tarehe. Unaingia nguzo ziko usawa wa uso wako, unasoma majina vizuri, unaendelea kutembea, sakafu inashuka taratibu wewe hata hujui, ukija kushtuka nguzo zinaning'inia juu ya kichwa chako. Majina zaidi ya 4,400. Pengine wameandika tu hajulikani. Ukutani wameandika sababu: Elizabeth Lawrence, Birmingham, 1933, aliuawa kwa kuwakaripia watoto wa kizungu waliomrushia mawe. Shosti, kukaripia watoto! Kwetu pale kila mama anayepita anakukaripia na ukifika nyumbani unaongezewa.

Kwenye makumbusho yao kuna makabati yamejaa chupa za udongo, udongo umechotwa mahali mtu alipouawa, jina lake liko kwenye chupa. Mweusi, wa kijivu, wa mchanga, na mwingi ni mwekundu, mwekundu ule ule wa nyuma ya nyumba yenu. Nilisimama pale muda mrefu. Nikawaza misafara ya Pangani iliyokuwa inapita chini ya milima yetu na pembe na watu, sisi tumeweka wapi hata chupa moja. Nje nikakuta duka la fulana, nikanunua, ndiyo, ila bei zao Mungu anawaona.

Niliporudi, baba wa familia ninayokaa nayo huku akataka nimsimulie. Amezaliwa Georgia, amekulia Georgia, Selma ni saa chache kwa gari na hajawahi kufika. Alinisikiliza chakula kikapoa, akasema shuleni kwao walifundishwa hayo kwa kurasa mbili. Mama akasema tutaenda wote kiangazi. Tutaona, maana kiangazi hicho hicho wameshaahidi na ufukweni.

Sasa kilichofanya nikuandikie leo leo. Kwenye safari tulikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu, mmama mmoja mweusi mcheshi, siku ya mwisho tunakula akaniuliza Tanzania sehemu gani, nikamwambia utapajulia wapi, kuna mji mdogo barabara ya Moshi unaitwa Same. Akaweka uma chini. Akaniuliza kama namjua Bob Moses. Simjui. Kumbe huyo ndiye aliyeongoza vijana kuandikisha wapiga kura Mississippi, 1964, walipigwa, walichomewa makanisa, watatu wakauawa kiangazi kile. Baadaye serikali ikataka kumpeleka vitani Vietnam, akaondoka nchini, na 1969 yeye na mkewe Janet wakaja Tanzania, na akawa mkuu wa idara ya hisabati shule ya Same, Same yetu hiyo hiyo! Mpaka 1976. Watoto wao kadhaa wamezaliwa huko. Aliporudi Marekani akaanzisha mradi wa kufundisha aljebra watoto maskini, alikuwa anasema aljebra leo ni kama kura ilivyokuwa zamani, asiyeijua anafungiwa mlango, na huyu mwalimu wetu alisomea ualimu kwenye mradi huo huo. Amefariki 2021. Nimezunguka Alabama nzima kutafuta historia ya Marekani kumbe nyingine ilikuwa inashika chaki kwetu.

Kwa hiyo nina kazi na wewe. Babu yako si alisoma Same Sekondari miaka ya 70? Jumapili baada ya ibada kaa naye, muulize kama anamkumbuka mwalimu wa hesabu Mmarekani mweusi, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini, na kama anayo picha ya darasa ile aliyoibandika sebuleni karibu na kalenda ipige vizuri unitumie, piga na nyuma kama kuna majina. Huyo mmama ananiuliza kila siku. Na wewe mwenyewe acha visingizio, mock ya hesabu ukipata F nitajua, shule iliyofundishwa na Bob Moses haitoi F. Bando kaka atakurushia kesho.

Msalimie mama, mwambie makande yake nayaota.

Wako, Mpare wa Georgia